Mgonjwa wa Kisukari Anywe Mtindi Gani?



Tuanze na mfano. Tuseme yuko mzee mmoja hapa Ihembe, Karagwe. Ana umri wa miaka 61. Ana shamba la migomba na kahawa, na ng'ombe wawili wa maziwa. Kwa miezi mingi mzee huyu alikuwa anakunywa maji mengi sana. Usiku aliamka mara nne au tano kwenda kukojoa. Mwili ulikuwa unakonda ingawa anakula. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba karogwa. Mwishowe binti yake akasema, "Baba, twende hospitali." Huko alitobolewa kidole, damu ikapimwa, akaambiwa ana kisukari. Akapewa vidonge. Akaambiwa aache chai ya sukari, soda na juisi ya ndizi mbivu.

Mzee akatii. Chai akanywa chungu. Hata rubisi akaiacha, jambo ambalo lilimuuma zaidi. Lakini baada ya miezi miwili damu ilipopimwa tena, sukari bado iko juu. Na mguuni alikuwa na kidonda kidogo alichojikata na jembe, ambacho hakitaki kupona.

Kumbe kila siku ya gulio mwanawe alikuwa anamletea makopo ya yogati kutoka Omurushaka. "Baba, haya ni maziwa, siyo soda. Yatakurudishia mwili." Mzee alikuwa anakunywa makopo mawili kwa siku. Na maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe? Yanauzwa, ili ipatikane pesa ya kununua yogati. Yaani mzee anauza maziwa yasiyotiwa sukari, ananunua yaliyotiwa sukari. Kijana yule hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alikuwa anampenda baba yake. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakusoma maandishi ya kopo.

Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tusifanye kosa hilo. Leo tusome kopo.

Kwanza tuelewe ugonjwa wenyewe. Chakula tunachokula, hasa cha wanga kama ndizi, ugali na viazi, hugeuka sukari na kuingia katika damu. Mwilini kuna kiungo kinachoitwa kongosho. Kiungo hiki hutengeneza insulini. Insulini ndiyo inayofungua mlango ili sukari itoke katika damu na kuingia sehemu za mwili zinazoihitaji. Kwa mgonjwa wa kisukari insulini haipo, au haitoshi, au mwili hauisikii. Basi sukari inabaki katika damu. Ikibaki hivyo miaka na miaka, inaharibu macho, figo, mishipa na miguu. Mtu mzima aliyekaa usiku kucha bila kula, asubuhi akapimwa na kukutwa na 7.0 au zaidi, kipimo hicho ni cha kisukari. Kwa kawaida mganga atapima tena kuhakikisha.

Sasa tuje kwenye maziwa. Maziwa yote yana sukari yake ya asili, hata kama hakuna aliyetia kitu. Katika mililita 100 za maziwa ya ng'ombe mna karibu gramu 5 za sukari hiyo. Maziwa yakiganda, vijidudu vinavyoyagandisha vinakula sehemu ya sukari na kutoa uchachu. Ndiyo maana mtindi ni mchachu, na ndiyo maana sukari yake hupungua kidogo, ikawa kama gramu 4. Uchachu huo na ile protini ya maziwa pia husaidia sukari isiingie katika damu kwa kasi.

Mtindi mtupu, basi, siyo adui wa mgonjwa wa kisukari. Kikombe kimoja kwa mlo kinafaa. Hatusemi jagi.

Shida huanza pale mtu anapoukosoa uchachu. Kiwandani wanatia sukari, wanatia rangi, wanatia harufu ya stroberi au vanila. Yogati ya namna hiyo mara nyingi huwa na sukari gramu 10 hadi 15 katika kila gramu 100. Nyumbani nako tunafanya hayo hayo kwa kijiko, tena watu wengine wanajaza hasa.

Je, utaijuaje yogati dukani? Geuza kopo. Usisome upande wenye picha ya ng'ombe na majani mabichi, upande huo ni wa kuvutia mteja. Soma upande wenye herufi ndogo. Kama macho hayaoni vizuri, mpe mtoto wa shule asome.

Tafuta orodha ya vitu vilivyotumika. Kitu kilichotiwa kwa wingi zaidi huandikwa mwanzo. Mtindi mtupu huwa na maneno machache tu: maziwa, na vijidudu vya kugandishia. Ukiona neno sukari, hasa likifuata mara tu baada ya maziwa, rudisha kopo hilo. Makopo mengi yameandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tukariri maneno manne: "sugar" ni sukari, "syrup" ni sharubati nzito ya sukari, "honey" ni asali, na "plain" ni mtupu, yaani haukutiwa ladha. Asali nayo ni sukari mwilini. Nyuki hakuitengeneza kwa ajili ya mgonjwa.

Halafu kuna mtego. Kopo linaweza kuandikwa "low fat". Maana yake mafuta kidogo. Halisemi lolote juu ya sukari! Mara nyingine mafuta yakipunguzwa, sukari huongezwa ili ladha isipotee. Mzee wetu angeliona kopo hilo akafurahi bure.

Sasa hesabu, ile tuliyojifunza darasani. Kwenye kopo kuna jedwali. Tafuta mstari wa sukari, katika safu ya gramu 100. Tuseme imeandikwa 12. Kopo lenyewe lina gramu 250. Zidisha 12 kwa 2 na nusu, unapata gramu 30. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, ni kama gramu 4 za sukari. Kwa hiyo kopo moja lina sukari ya vijiko saba na nusu. Katika hizo, gramu 10 hivi ni za maziwa yenyewe. Zilizobaki 20 zimetiwa, nazo ni vijiko vitano. Mzee alikuwa anakunywa makopo mawili, yaani vijiko kumi vya sukari ya kutiwa kwa siku. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2015 kwamba hata mtu mzima ambaye si mgonjwa ni vizuri asizidi gramu 25 kwa siku za sukari ya kutiwa, na katika hesabu hiyo mna asali na juisi pia. Jamani, huyu alikuwa amefika 40 na chai anaikunywa chungu!

Kwa jedwali hilo hilo unaweza kuchagua. Ikiandikwa 5 au chini yake kwa gramu 100, huo kwa kawaida ni mtindi usiotiwa sukari. Ikifika 10, acha.

Lakini kwa nini ununue wakati ng'ombe wako wanakamwa? Chemsha maziwa mpaka yatokote vizuri. Hili tunalisisitiza, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba, na kuganda peke yake hakuui vijidudu hivyo vyote. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, kidole kivumilie. Tia vijiko viwili vya mtindi mtupu wa jana, uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, koroga, funika kwa chombo safi, weka mahali pa joto. Asubuhi umeganda. Wazee wetu walitikisa maziwa kwenye kibuyu wakatoa siagi, na yale yaliyobaki ndiyo hasa waliyoyaita mtindi. Kwa mgonjwa mnene, hayo yaliyotolewa siagi yanamfaa zaidi. Ladha ikikushinda, kata vipande vichache vya papai. Usitie sukari.

Siyo Karagwe tu wanaogandisha maziwa kwa ajili ya afya. Mwaka 2004 akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mabatini, Mwanza, walianza kutengeneza mtindi wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Western cha nchi ya Kanada. Chuo hicho kiko katika mji unaoitwa London, siyo ule wa Uingereza. Katika mji huo huo, usiku wa tarehe 31 Oktoba 1920, daktari Frederick Banting alipata wazo lililowafikisha yeye na wenzake kwenye insulini mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari alikuwa anasubiri kufa tu.

Tunayasema haya ili tusichanganye chakula na dawa. Mwezi Machi 2024 nchi ya Marekani iliwaruhusu wenye viwanda waandike kwamba kula yogati kila wiki huenda kukapunguza hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili. Papo hapo wakapewa sharti waandike kwamba ushahidi ni mdogo. Na hapo wanasemwa wale ambao bado hawajaugua. Aliyeugua aendelee na vidonge au sindano yake. Asiache hata siku moja eti kwa kuwa anakunywa mtindi.

Tena kikombe cha mtindi kina majirani katika sahani. Ukila ndizi sahani ya mlima, mtindi mtupu hautakuokoa. Punguza ndizi, ongeza mboga na maharage.

Jambo la mwisho ni la hatari, tulisome polepole. Anayetumia sindano, au vidonge vya aina fulani, sukari yake inaweza kushuka ghafla, hasa akikosa kula au akilima sana. Atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa. Kipimo kitakuwa chini ya 4. Hapo usimpe mtindi mtupu, hauna haraka. Mpe vijiko vinne vya sukari katika maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Akipata nafuu, sasa mpe chakula, na huo mtindi wake. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kopo la yogati lina gramu 500. Jedwali linasema sukari 14 kwa gramu 100. Kopo zima lina vijiko vingapi vya sukari?

2. Kopo moja limeandikwa "low fat", jingine "plain". Ungemnunulia mzee wetu lipi? Kabla ya kulipa ungesoma nini tena?

3. Jirani yako mwenye kisukari anatetemeka na kutoka jasho shambani. Karibu yako kuna kibuyu cha mtindi na chupa ya soda. Utampa kipi kwanza?