Mama mkwe anataka nikachuliwe mkono uliovunjika

Swali: Daktari, nilianguka na baiskeli nikavunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Nina plasta, wiki ya pili sasa. Mama mkwe anataka nipelekwe kwa mchuaji. Nikubali? Na nitaendesha tena lini?

Jibu: Pole sana. Usiende, na mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba nimekataza mimi. Hivi sasa pengo la mfupa limeshikwa na tishu laini, bado haijawa ngumu. Ukichuliwa, vipande vinaweza kuhama na mkono ukaunga kombo.

Wewe shughulika na vidole: vikunje na kuvikunjua mara nyingi kutwa, visije vikakakamaa. Plasta isilowe, na ukiwashwa usichokonoe kwa kijiti. Vidole vikifa ganzi, vikipauka, au maumivu yakizidi licha ya dawa, nenda hospitali usiku huohuo. Huenda plasta imebana mno. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Supu ya makongoro ni tamu, ila haina miujiza. Maziwa, dagaa na maharage vinatosha.

Plasta ya namna hii kwa mtu mzima hukaa wiki 6 hivi. Baiskeli isubiri eksirei ionyeshe mfupa umeunga, nawe uweze kubana breki kwa nguvu bila maumivu.