Kucheza vita bila kujenga chuki: namna ya kuandaa mashindano ya mchezo wa historia kwa njia ya intaneti



Katika vikundi vya vijana tunavyotembelea, swali moja linarudi mara nyingi: je, ni haki watu wanaofundisha amani wacheze mchezo wa vita? Wazazi nao wanauliza hivyo, na wana sababu. Hapa kwetu neno vita si neno la mchezo. Hata hivyo, Ulaya na Marekani kuna vilabu vinavyocheza vita vya zamani juu ya ubao ili kuelewa historia, na siku hizi vingi vinashindana kwa njia ya intaneti. Katika somo hili tutaona michezo hiyo ni nini, mashindano yake yanaandaliwa namna gani, na kwa nini kazi hiyo inafanana na kazi yetu.

1. Mchezo huu ulitoka wapi?

Mwaka 1812, katika ufalme wa Prussia, Georg Leopold von Reisswitz alitengeneza mchezo wa kuwafundisha wakubwa wa jeshi. Mwaka 1824 mwanawe alitoa kanuni zake kamili. Katika mchezo huo hakuna upande ulioona kila kitu. Mwamuzi aliueleza kila upande yale tu ambayo askari wake wangeweza kuyaona.

Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu Little Wars, chenye kanuni za kucheza na askari wadogo wa kuchezea. Wells hakupenda vita. Alieleza kwamba mtu akicheza vita vidogo mara chache tu, ataona jinsi vita vikubwa vilivyo upumbavu. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza.

2. Mfano unaotugusa: kisanduku chenye jina Zaire

Tuchukue mchezo unaoitwa Twilight Struggle, uliobuniwa na Wamarekani Ananda Gupta na Jason Matthews na kutolewa mwaka 2005. Unahusu Vita Baridi, kutoka 1945 hadi 1989. Wachezaji ni wawili: mmoja ni Marekani, mwingine ni Umoja wa Kisovyeti. Wanatumia karata na dadu kuweka ushawishi katika nchi za dunia. Toleo lake la kompyuta lilitoka mwaka 2016, na watu wa nchi mbalimbali wanashindana bila kukutana.

Juu ya ubao nchi yetu ni kisanduku kimoja, Zaire. Kila nchi ina namba ya uthabiti. Uingereza ina 5, sisi tuna 1. Anayetaka kupindua serikali anarusha dadu, anaongeza nguvu ya karata yake, kisha anatoa uthabiti wa nchi mara mbili. Kikibaki chochote juu ya sifuri, mapinduzi yamefaulu. Piga hesabu mwenyewe: kwa Zaire, karata yenye nguvu 2 haiwezi kushindwa, hata dadu ikitoa 1. Kwa Uingereza, hata karata yenye nguvu 4 na dadu yenye 6 hazitoshi.

Kuna pia kipimo cha hatari ya vita vya nyuklia, kinachoanzia 5 na kushuka. Kikifika 4, mapinduzi Ulaya ni marufuku. Kikifika 3, ni marufuku Asia pia. Kikifika 2, Mashariki ya Kati nayo inafungwa. Zinabaki wazi Afrika na Amerika ya Kati na ya Kusini. Kikifika 1, mchezaji ambaye ilikuwa zamu yake ameshindwa hapo hapo, hata kama alikuwa anaongoza.

Tunajua mambo hayo yalivyokuwa kwetu. Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu aliingilia kati mara ya kwanza. Patrice Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alichukua madaraka yote, na mwaka 1971 ndiye aliyeipa nchi jina la Zaire. Juu ya ubao, miaka hiyo yote inaweza kupita kwa dadu moja.

Kijana wa Bukavu au Kalemie akicheza, naye atapindua serikali ya Zaire. Si kwa sababu ana moyo mbaya. Kanuni zinampa faida akifanya hivyo, na mwananchi wa Zaire hana kiti mezani. Hili ndilo somo kubwa: watu wengi hufuata njia ambayo kanuni zimeifungua. Kwa hiyo anayetaka amani asitazame mioyo ya watu tu. Aulize pia nani aliandika kanuni, na nani hakuitwa zilipoandikwa.

3. Hatua za kuandaa mashindano

Kuandaa mashindano ni kuandika kanuni kwa ajili ya watu ambao hawaonani na ambao kila mmoja anataka kushinda. Hizi ni hatua sita.

Hatua ya kwanza: kuchagua vita. Klabu isichague vita ambavyo vidonda vyake bado vibichi kati ya wanachama. Mtu aliyefiwa asilazimishwe kusukuma kipande cha mbao kinachowakilisha waliomuua. Wanachama waulizwe mmoja mmoja, si mbele ya wote, na jibu la hapana liheshimiwe bila kudai maelezo.

Hatua ya pili: kuchagua mfumo. Wakiwa wachezaji 8 na kila mmoja akicheza na wote, inahitajika michezo 28. Kwa mtoano inahitajika michezo 7 tu, lakini nusu ya watu wanaondoka baada ya siku ya kwanza. Njia ya katikati ni mfumo wa Kiswisi: katika kila duru wenye pointi sawa wanakutana, na hakuna anayetolewa. Kwa watu 8, duru 3 zinatosha, yaani michezo 12. Kwa klabu inayotaka kujenga undugu, tunapendekeza mfumo huu.

Hatua ya tatu: kusawazisha pande. Katika Twilight Struggle upande wa Kisovyeti una nafuu mwanzoni. Kwa hiyo wachezaji wazoefu mara nyingi wanakubaliana kuiongezea Marekani pointi 2 za ushawishi kabla ya kuanza. Usawa si lazima kila mtu apewe kiasi kile kile. Jambo hili lisemwe wazi mapema, maana nyongeza isiyoelezwa inaonekana kama upendeleo.

Hatua ya nne: saa na tarehe. Nchi yetu ina saa mbili tofauti: Kinshasa ikiwa 19h00, Goma na Lubumbashi ni 20h00. Tena, mmoja akisema saa mbili anafikiri 20h00, mwingine anafikiri 14h00. Andika saa kwa tarakimu na utaje mji. Kila duru ipewe wiki mbili, ili wachezaji wapatane siku wenyewe.

Hatua ya tano: umeme na mega. Umeme ukikatika au mega zikiisha katikati ya mchezo, mtu asihesabiwe ameshindwa. Mchezo uhifadhiwe, wasubiriane dakika 30, kisha wapange siku nyingine. Asiyeonekana mara mbili bila kutoa habari, hapo anapoteza. Kanuni hii iandikwe kabla ya duru ya kwanza. Ikiandikwa baada ya tatizo, kila mtu ataisoma kwa jicho la faida yake.

Hatua ya sita: mwamuzi na rufaa. Mwamuzi asiwe mchezaji. Ikishindikana, achaguliwe wa pili wa kuamua mchezo unaomhusu yule wa kwanza. Dadu zirushwe na programu, si mkononi mbali na macho ya mwenzake. Wachezaji wote wawili watume matokeo. Matokeo yakitofautiana, mwamuzi asikilize kila mmoja peke yake, kisha atoe uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu. Matusi ya kabila, ya nchi au ya dini yamtoe mtu mashindanoni hata kama anaongoza, na hilo nalo liandikwe mwanzoni.

4. Baada ya mchezo

Mchezo ukiisha, wachezaji wasiachane hapo hapo. Kila mmoja achague nchi moja aliyoigusa, atafute mambo yaliyotokea kweli mle, na awaeleze wenzake kwa dakika tano. Aliyepindua serikali aseme wakimbizi walikwenda wapi, nani alipoteza shamba, nani hakurudi. Ubao hauonyeshi mambo hayo, na bila sehemu hii klabu itafundisha ujanja tu.

Mshindi apewe heshima yake. Lakini inafaa wachezaji wapige kura pia kumchagua mwenzao aliyecheza kwa uungwana kuliko wote, na majina yote mawili yasomwe pamoja.

Wale wazazi wanaoogopa mchezo wa vita tuwajibu kwa upole: hofu yenu ni ya haki, na ndiyo maana tunaanza na kanuni, si na dadu. Kijana aliyezoea kukubali uamuzi ulioandikwa, hata ukimuumiza, tayari ana kitu ambacho kijiji chenye ugomvi wa mpaka wa shamba kinakihitaji sana.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika kijiji au mtaa wetu, ni kanuni gani inayompa mtu faida akifanya ubaya?
- Nani hakuitwa kanuni hiyo ilipotungwa? Tutamwitaje sasa?
- Kati ya hatua sita hapo juu, ni ipi inayokosekana tunaposuluhisha ugomvi wa ardhi?
- Je, kuna vita ambavyo kikundi chetu hakipaswi kuvicheza? Kwa nini?