Kupoteza Usemi Si Kupoteza Akili

Mara nyingi mzee akipatwa na kiharusi katika familia zetu, husikika maneno haya mlangoni mwa chumba chake: "Huyu hajitambui tena, hata ukimsemesha ni bure." Husemwa hivyo kwa sababu tu hawezi kujibu. Huenda maneno hayo si kweli, na huenda yeye anayasikia yote na kuyaelewa. Mwezi huu tuone jinsi waganga walivyolifahamu jambo hili.

Katika hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, Ufaransa, aliishi mgonjwa aitwaye Leborgne. Neno lake lilikuwa moja tu, "tan", hata watu wakamwita Tan. (Akikasirika, tusifiche, kulikuwa na tusi lililomtoka vizuri kabisa.) Daktari Paul Broca alipomwuliza amekaa pale miaka mingapi, alifungua mkono wenye vidole vitano mara nne, kisha akaonyesha kidole kimoja: miaka 21. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Mtu huyu hakuwa mjinga wala kichaa. Alipofariki mwezi Aprili 1861, Broca aliupima ubongo wake akakuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele.

Mwaka 1874 daktari Mjerumani Carl Wernicke, kijana wa miaka 26, alieleza wagonjwa wa namna nyingine. Hao maneno yanawamiminika, lakini hayana maana, na wenyewe hawaelewi vizuri wanayoambiwa. Ubongo wao umeumia upande uleule wa kushoto, lakini nyuma zaidi.

Kwa nini wagonjwa wa namna mbili? Tuchukue mfano wa umeme. Umeme ukipungua nguvu, friji huzimika na taa huendelea kuwaka hafifu. Hapo hatuwezi kusema kwamba zina nyaya mbalimbali, kwani labda friji inahitaji nguvu nyingi zaidi. Lakini katika nyumba ya jirani taa zikizimika na friji ikaendelea vizuri, hapo tunajua kuwa kila kimoja kina njia yake. Vivyo hivyo, kama tungemjua Leborgne peke yake, tungeweza kudhani kwamba kusema ni kazi ngumu kuliko kuelewa, basi. Wagonjwa wa Wernicke ndio wanaotuonyesha kwamba kusema na kuelewa vinaweza kuharibika kila kimoja kwa njia yake.

Kumbukumbu nayo ni hivyo. Huko Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ubongo mwaka 1953 ili atibiwe kifafa. Aliendelea kuzungumza vizuri na kukumbuka utoto wake, lakini mambo mapya aliyasahau mara moja. Hata hivyo, mtaalamu Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota huku akitazama kioo, mkono wake ulizidi kuzoea siku hadi siku, ingawa yeye hakukumbuka kuwa amewahi kuifanya kazi hiyo.

Tusidhani, lakini, kwamba ubongo ni kama kabati lenye droo. Ubongo wa Leborgne umehifadhiwa, na picha za mitambo zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba madhara yaliingia ndani kuliko alivyoona Broca. Sehemu nyingi hushirikiana.

Sasa turudi nyumbani. Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika, mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile, asingojeshwe hadi kesho wala kuzungushwa kwa waaguzi. Akisharudi, asijadiliwe mbele yake kana kwamba hayupo. Aulizwe swali moja moja, la kujibiwa kwa kutikisa kichwa: "Baba, unataka chai?" Tena angojewe. Kumpigia kelele hakusaidii, maana masikio yake ni mazima. Kwa yule ambaye kuelewa ndiko kulikoharibika, aonyeshwe kikombe chenyewe.

Jambo moja huwashangaza ndugu. Mgonjwa asiyeweza kuomba maji huweza kuimba wimbo wa zamani, kuhesabu moja hadi kumi, au kusali Baba Yetu pamoja na wengine. Maneno yaliyozoeleka hivyo hutoka kwa njia nyingine, kama lile tusi la Leborgne. Basi ndugu wasimwambie kwamba anajifanya.