Mwenyeji ni Nani? Somo la Uraia

Katika vipindi vyangu vya Uraia swali moja halikosi kuulizwa kila mwaka: mwenyeji wa hapa ni nani? Si swali dogo. Kazi ikitafutwa mgodini Geita, au shamba likigombaniwa, neno "mgeni" laweza kumnyima mtu haki yake. Basi na tulichunguze.

Kwanza, tutazame jina. Katika Kisukuma, sukuma maana yake ni kaskazini, na dakama ni kusini. Wanyamwezi waliwaita jirani zao wa kaskazini Wasukuma. Hao nao wakawaita wenzao wa kusini Wadakama. Zamani mtu akiulizwa kwao, alitaja utemi wake: Busiya, Usiha au Nera. Watemi hao waliunganishwa katika shirikisho moja wakati wa Waingereza, makao yake yakiwa Malya. Hivyo neno la kuonyesha upande likawa jina la kabila lenye watu wengi kuliko yote Tanzania.

Pili, tutazame Geita. Nchi hiyo ilikuwa ya Wazinza, na Warongo walifua chuma humo. Katika karne ya 20 Wasukuma wengi walihamia huko wakitafuta malisho ya ng'ombe na mashamba ya pamba. Kisha dhahabu ikavuta watu wa kila mkoa. Kwa hiyo Msukuma wa Geita anayemwita Mha mgeni, yampasa kukumbuka kwamba pengine babu yake mwenyewe alipokewa na Mzinza.

Tatu, tutazame sheria. Utawala wa watemi ulikomeshwa mwaka 1963. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya kabila lake au pahala alipotokea.

Je, tuyatupe makabila yetu? Hasha! Mimi ningesikitika kuona ngoma za Wagika na Wagalu zikinyamaza, au mtoto asiyeweza kumwamkia bibi yake kwa lugha ya nyumbani. Kabila hutujulisha tulikotoka. Lisiwe kufuli la kumfungia mwenzetu mlango.

Maswali:
1. Waulize wazee wako: ukoo wenu ulifika lini mahali mnapokaa, na ulitoka wapi?
2. Nani alikuwapo kabla yenu, nanyi mlipokewaje?
3. Anayefika leo, ninyi mnampokeaje?