AFYA YA UZAZI: HAKI YA KUELEZWA NA KUCHAGUA

Maneno "afya ya uzazi" yakitajwa, wengi wetu hufikiria vidonge na sindano tu, na mazungumzo hukatika. Mwezi huu tuyatazame kwa upana wake, kwa maana yamo katika sheria za Kenya, na familia isiyoijua haki yake haiwezi kuidai.

Sheria yasemaje?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi. Tena hukataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 hufafanua zaidi:

1. Wanaume na wanawake walio katika umri wa kuzaa wana haki ya kuelezwa na kupata huduma za kupanga uzazi zilizo salama, za bei wanayoimudu, na zinazokubalika kwao.

2. Wazazi wana haki ya kuhudumiwa ili wapite salama katika mimba, kujifungua na siku zinazofuata.

3. Mgonjwa aelezwe, kwa lugha anayoielewa, hali yake, tiba iliyopo, faida, hatari na gharama zake. Anaweza pia kukataa.

Tuliangalie neno "zinazokubalika". Sheria imefungua mlango wa njia zote za uzazi wa mpango, lakini haimsukumi mtu kuingia. Kanisa hufundisha njia za asili, na watu wa ndoa wanaozifuata wanaweza kuomba mafundisho yake bila kuchekwa. Vilevile, mama aliyejifungua asiwekewe kifaa wala kudungwa sindano ambayo hakuelezwa akakubali. Na anayetaka huduma nyingine ana haki ya kuelezwa ukweli wote, pamoja na madhara yanayoweza kumpata.

Haki iliyobaki kwenye karatasi

Mwaka 2013 serikali iliondoa ada ya kujifungua katika hospitali zake. Mwaka huo huo, katika hospitali ya serikali mjini Bungoma, mama mmoja aliambiwa anunue pamba na dawa yeye mwenyewe. Uchungu ulipomzidi hakupata kitanda; alijifungulia sakafuni, kisha akatukanwa na kupigwa na wauguzi. Mtu aliyekuwepo alipiga picha kwa simu, na nchi nzima ikaona.

Mama huyo alikwenda mahakamani. Mwezi Machi 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki yake ya afya na heshima yake ya kibinadamu zilivunjwa. Akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5, na ikaamriwa aombwe msamaha. Mahakama haikuwalaumu wauguzi peke yao. Serikali nazo zilikosa kwa kutotenga fedha na vifaa vya kutosha.

Tufanye nini nyumbani?

- Baba aende kliniki pamoja na mama, angalau mara moja, asikie mwenyewe.

- Kabla ya kutia sahihi, ulizeni: Ni tiba gani? Ina hatari gani? Kuna njia nyingine?

- Mama mjamzito akitokwa na damu, akiumwa sana na kichwa huku macho yakiona ukungu, akipata kifafa, au mtoto akiacha kucheza tumboni, apelekwe hospitali mara moja. Hiyo ni dharura, asirudishwe kwa kukosa fedha.

- Mkitendewa vibaya, andikeni tarehe, saa na mahali, kisha mpeleke malalamiko kwa mkuu wa kituo au ofisi ya afya ya kaunti. Msiandike kwa hasira. Wauguzi wengi hufanya kazi ngumu kwa vifaa haba.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Je, akina mama wa hapa kwetu huelezwa kabla ya kutibiwa?

2. Ni nani hapa kijijini anayeweza kumfikisha mama hospitali usiku?

3. Baba ana wajibu gani katika kupanga uzazi?