Betri Mpya, Breki Yagoma: Somo Kutoka Gerejini

Wahenga walisema elimu ni bahari. Msomaji mpendwa, leo tuichote elimu hiyo gerejini. Mada yetu ni namna ya kubadilisha betri ya gari, na la kufanya iwapo breki ya maegesho inayotumia umeme itagoma baadaye. Usiseme, "Mimi sina gari, yanihusu nini?" Mzazi, mwalimu au jirani yako huenda analo, na ipo siku atakwama akuite umsaidie.

1. Betri yenyewe
Betri ya gari dogo ina vyumba 6. Kila chumba hutoa volti 2 na ushei, ndiyo maana twaiita betri ya volti 12. Ndani mna sahani za madini ya risasi zilizozama katika asidi ya salfuriki na maji. Mvumbuzi wa betri ya aina hii ni Gaston Planté wa Ufaransa, mwaka 1859. Ukiipima ikiwa imejaa, injini imezimwa, utapata kama volti 12.6. Ikiwa chini ya 12, imeishiwa chaji au imechoka. Injini ikinguruma, altaneta huichaji kwa volti 13.8 hadi 14.4 hivi.

2. Breki ya umeme
Breki ya mkono tuliyoizoea ni wenzo na waya wa chuma. Ukivuta wenzo, waya unavuta breki za magurudumu ya nyuma. Mwaka 2001 BMW 7 Series mpya ilitoka ikiwa na breki ya maegesho ya umeme, kisha kampuni nyingine zikafuata. Sasa magari ya namna hiyo yanafika kwetu kwa wingi kutoka Japani, mengine na kitabu chake cha maelezo kwa Kijapani!

Humo hamna wenzo, mna swichi ndogo tu. Ukiivuta, kompyuta inaamuru mota mbili ndogo za magurudumu ya nyuma. Katika magari mengi, kila mota huzungusha skrubu, na skrubu husukuma pedi zikabana diski. Shika neno hili: skrubu haihitaji umeme ili iendelee kubana, lakini yauhitaji ili ilegee. Basi betri ikifa wakati breki imebana, hata Kidato cha Tatu kizima kikisukuma, gari halitoki pale.

3. Hatua za kubadilisha betri
(a) Egesha mahali tambarare. Weka gia ya P, au gia ya kwanza kama gari ni la gia za mkono. Weka mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu.
(b) Kama betri ya zamani ingali na nguvu kidogo na magurudumu yamezuiwa sawasawa, legeza breki kwa swichi. Mlimani, usiilegeze kamwe.
(c) Zima kila kitu. Vua saa na pete.
(d) Fungua kwanza waya wa hasi (-), kisha wa chanya (+). Kwa nini? Bodi ya gari imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, halafu spana iguse bodi, umeme utapita kwenye spana na cheche zitaruka. Betri hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka. Sigara nayo ikae mbali.
(e) Weka betri mpya ya kipimo kilekile. Unganisha chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza vizuri.

4. Taa ya breki ikikataa kuzima
Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Umeme ulipokatika, huenda kompyuta ilisahau mota zilikuwa zimefika wapi. Washa injini, kanyaga breki ya mguu kwa nguvu, vuta swichi hadi breki ibane, kisha ilegeze. Rudia mara mbili tatu. Katika magari mengi taa huzima. Kama taa ya usukani nayo imewaka, zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, gari likiwa limesimama.

Bado? Pima umeme kabla hujalaumu breki. Likizo ya Desemba, mjomba wangu ambaye ni fundi aliitwa na mteja aliyejiwekea betri mpya, breki ikakataa kulegea. Vijana walishaleta nyundo.

"Wekeni nyundo chini," mjomba akasema. "Tuulize umeme kwanza."

Kwenye nguzo za betri alipata volti 12.5. Lakini alipoweka kipimo juu ya kichwa cha waya wa chanya na mteja akabonyeza swichi, volti zikaanguka hadi 9. Nikauliza, "Mjomba, betri si mpya?" Akanijibu, "Betri ni mpya, kijana, lakini mlango wake ni mchafu." Kumbe kichwa cha waya kilikuwa kimelegea, kimejaa unga mweupe! Tuliufungua waya, tukausafisha kwa maji moto na brashi, tukaukaza. Breki ikalegea, na nyundo haikutumika.

Kama hilo nalo halifai, angalia fyuzi, kisha mwite fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari.

5. Tahadhari
Usiingie chini ya gari lililoshikwa na breki hii pekee. Usitie vidole kwenye pedi betri ikiwa imeunganishwa, kwani mota ikiamka haiulizi. Na kabla ya kulegeza breki, hakikisha hakuna mtoto mbele wala nyuma. Gari hununuliwa, mtoto hanunuliwi.

Betri kuukuu nayo isitupwe wala isipasuliwe nyumbani. Risasi ni sumu. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamua wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa madhara ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu. Uamuzi huo ulipingwa kwa rufaa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Irudishe betri kwa muuzaji.

Maswali ya kujipima
1. Kwa nini waya wa hasi hufunguliwa kwanza?
2. Betri ikifa, kwa nini breki ya umeme hubaki imebana?
3. Betri ni mpya na ina volti 12.5, lakini breki hailegei. Utaanzia wapi?

Ukiyajibu yote bila kuchungulia juu, nakupa heko. Fundi mzuri huanza kwa swali, nyundo baadaye.