MVUA JUU YA MABATI: JINSI SIMU INAVYOELEWANA NA MNARA

Leo nataka tujifunze jambo ambalo kutolijua kulinifanya nimkosee kaka yangu.

Mwaka jana nilikuwa na mama kwenye matatu, tukiteremka bondeni. Simu yake ikalia, nikapokea mimi. Ni kaka, akasema Nyanya amelazwa. Nikauliza, "Yuko hali gani?" Kimya! Simu imekatika. Kwa kuwa tulikuwa tumegombana asubuhi, nikadhani amenikatia kusudi. Nikamnunia siku mbili nzima, mpaka somo la Fizikia kuhusu mawimbi liliponifumbua macho.

Mawimbi ya mnara hayafiki kwa njia moja. Mengine huja moja kwa moja, mengine hugonga majengo na vilima, yakafika yamechelewa. Yakikutana, pengine husaidiana, pengine huuana. Wimbi la MHz 1800 lina urefu wa sentimita 17 hivi, kwa hivyo kusogea sentimita chache tu kwaweza kubadilisha mambo. Sembuse matatu inayokimbia!

Sasa fikirieni imla darasani. Kukiwa kimya, mwalimu husoma sentensi ndefu mara moja. Mvua ikianza kupiga mabati, walio nyuma huinua mikono: "Mwalimu, hatusikii!" Naye husoma maneno mawili mawili, tena hurudia. Kazi inakwenda polepole, lakini makosa yanapungua.

Simu za 4G hufanya vivyo hivyo. Simu hupima mawimbi, kisha hutuma mnarani namba kutoka 0 hadi 15. Huo ndio mkono wa mwanafunzi. Namba ikiwa kubwa, mnara hutumia alama za aina 64, kila alama ikibeba biti 6. Ikishuka, hutumia aina 16 zenye biti 4, au aina 4 zenye biti 2 tu. Kwa nini? Alama 64 zinakaribiana mno, kelele kidogo inazichanganya; alama 4 ziko mbalimbali. Pia huongezwa biti za kurekebisha makosa, na kipande kilichoharibika hutumwa tena. Mnara waweza kubadilisha uamuzi wake kila sehemu 1 ya 1000 ya sekunde.

Lakini kuna mipaka. Gari likienda kasi sana, habari ya simu huwa imeshapitwa kabla mnara haujaitumia. Na kilima kikiziba kabisa, ni kama mvua ya mawe: hata neno moja moja halisikiki. Hapo simu hukatika.

Nilimwendea kaka nikamwambia, "Nisamehe, ni bonde lililokata." Nyanya alipona, akatucheka sote wawili. Wenzangu, simu ikikatika msinune. Tumeni ujumbe mfupi. Huo hungoja mpaka simu ya mwenzako ipatikane. Hasira, hasara!